Kura Ndani ya Kibuyu

Mambo makubwa nyumbani kwetu huamuliwa kimya kimya. Shamba lipi lipandwe mahindi, karo ya nani itangulie, ng'ombe yupi apelekwe mnadani: hayo yote huisha jioni moja kati ya chai na ugali. Kelele tumeziwekea mambo madogo. Ndiyo maana posa ya kifungua mimba wetu ilikubaliwa kabla chai haijapoa, lakini picha za kutundika sebuleni kabla ya wageni kufika zilitugombanisha juma zima, zikatugharimu kibuyu cha mursik, na nusura zivunje koito yenyewe.

Koito ni kikao cha Wakalenjin cha kupatana mahari, na hufanyika nyumbani kwa binti. Mimi ni mzaliwa wa Nyahururu, kwa Wakikuyu, lakini binti hufuata desturi ya baba yake, na Baba Watoto ni Mkalenjin. Wakwe walikuwa wanatoka Baringo, Jumamosi, wazee watupu. Na Rongai ninayoisema si ile ya Kajiado yenye matatu za muziki na michoro. Ni Rongai ya reli na mahindi, magharibi mwa mji wa Nakuru, ambako usiku ukitulia unasikia malori yakihangaika upande wa Salgaa.

Chanzo cha fujo kilikuwa rangi. Fundi alipomaliza kupaka sebule, ukuta mkubwa ulibaki mtupu, na mimi nikasema tutundike picha ya maua. Baba mkwe wangu, ambaye watoto humwita Kugo, akaniangalia kwa huruma.

"Maua ya nini, mwanangu? Wageni watoke Baringo waje kutazama maua?"

Akaenda chumbani akaburuta sanduku lake la bati. Kugo alifanya kazi kwenye reli hadi akastaafu, na kila gazeti lililoachwa kwenye viti vya treni alilichambua. Kurasa za mbio alizikata kwa wembe, akazikunja mara nne na kuzipanga kwa miaka, na dawa ya nondo katikati. Akafunua ya kwanza kwa ncha za vidole, maana kwenye mikunjo karatasi ilikuwa imebaki nyuzi tu. Kipchoge Keino, Mexico City, 20 Oktoba 1968. Siku hiyo, Sikukuu ya Kenyatta kwetu, Keino alimwacha Jim Ryun wa Marekani karibu mita 20 katika mbio za mita 1,500, siku chache tu baada ya kuanguka kwenye mita 10,000 kwa maumivu ya nyongo. Kugo husimulia mbio hizo na kumtaja pia Ben Jipcho, aliyejitoa mhanga kwa kukimbiza mzunguko wa kwanza ili mwenzake ashinde.

Hapo maua yakafa. Tukakubaliana kwamba ukuta uwe wa wanariadha. Baba Watoto alikuwa na vipande vya mbao vya kutosha fremu saba, fundi akazitengeneza saba, na sanduku la Kugo lilikuwa na watu wasiopungua arubaini. Yaliyofuata ni hesabu.

Mimi nilianza kwa upole. Nikasema kwa kuwa nafasi ni chache, tuweke kipimo kimoja kisicho na ubishi: dhahabu ya Olimpiki. Mwenye nayo aingie, asiye nayo apigiwe makofi na kuagwa. Kipimo hicho kiliwafaa watu wangu wawili wa Nyahururu. John Ngugi, mfalme wa mbio za nyika mara tano, ana dhahabu ya mita 5,000 ya Seoul 1988. Samuel Wanjiru, akiwa na miaka 21, alikimbia marathoni ya Beijing 2008 kwenye joto kwa saa 2:06:32, akawa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki.

Baba Watoto aliweka kikombe chini. "Mama Watoto, unamtoa Paul Tergat?"

"Simtoi mimi. Haile Gebrselassie ndiye aliyemtoa."

Ni kweli, na ukweli wake ndio uliomchoma. Tergat alishinda mbio za nyika za dunia mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999. Mwaka 2003 aliweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin, 2:04:55. Lakini Olimpiki ilimpa fedha mara mbili, Atlanta na Sydney, na ile ya Sydney aliikosea dhahabu kwa sekunde 0.09, muda ambao hautoshi hata kusema "pole". Baba Watoto alikuwa kijana siku hiyo na bado hajapona.

Shangazi wa watoto, dada yake Baba Watoto, aliyekuja kusaidia jikoni, akanigeuzia kipimo changu kwa swali moja. "Na Catherine Ndereba?" Nikanyamaza. Ndereba ni wa Nyeri, nilimpenda tangu aliposhinda Boston mara ya kwanza mwaka 2000. Alishinda hapo mara nne, akawa bingwa wa dunia mara mbili, akaweka rekodi ya dunia Chicago 2001. Olimpiki? Fedha, na fedha. Shangazi akaendelea kuhesabu. Tegla Loroupe, aliyeshinda New York mwaka 1994, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo, na baadaye akaivunja rekodi ya dunia mara mbili: hana hata shaba ya Olimpiki. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya mwanamke wa Kenya ililetwa na Pamela Jelimo mwaka 2008, miaka 40 baada ya ile ya kwanza ya wanaume. "Kwa kipimo chako," akasema, "miaka yote hiyo wanawake wa Kenya walikuwa wamekaa tu." Kisha akaliangalia sanduku la baba yake, ambalo kutoka juu hadi katikati lilikuwa na ndevu tupu.

Baba Watoto aliona mwanya akalipiza. Yeye akataka sheria ya usafi: aliyewahi kufungiwa kwa mambo ya dawa asikanyage ukutani. Alisema akinitazama mimi, kwa sababu mwaka 1993 Ngugi alikataa kupimwa na wapimaji waliomfikia bila taarifa, akafungiwa, na adhabu ikapunguzwa baadaye. Mpigo mzuri. Lakini kijana wetu, anayekaa na simu kuliko anavyokaa na vitabu, akauliza: "Na Asbel Kiprop, baba?" Kiprop, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mara tatu, ndiye aliyekuwa wa pili kwenye orodha ya Baba Watoto. Mwaka 2019 alifungiwa miaka minne baada ya sampuli yake kukutwa na EPO. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sheria iliondoka na watu wawili, mmoja kila upande, na kila upande ukalia uonevu.

Hapo ndipo kijana alipompigia amu yake simu ya video.

Shemeji yangu huyo yuko Dallas miaka mingi sasa, na ameshikwa na besiboli kama wengine wanavyoshikwa na dini. Akatuambia tunahangaika bure, Wamarekani walishayamaliza. Kuna kijiji kinaitwa Cooperstown, jimbo la New York, chenye Jumba la Magwiji wa besiboli lililofunguliwa mwaka 1939. Kundi la kwanza lilichaguliwa 1936, watu watano, Babe Ruth akiwemo. Wanaopiga kura ni waandishi wa habari za mchezo huo waliokaa kwenye chama chao miaka 10. Kila mmoja huandika majina yasiyozidi 10. Mchezaji awe amestaafu miaka mitano. Akipata asilimia 75 ameingia. Asipofikisha hata asilimia 5 anafutwa. Aliye katikati hurudi mwaka hadi mwaka, mpaka mara ya kumi, kisha anaambiwa kwaheri.

"Kwa hiyo huko hawagombani?" Kugo akauliza.

Shemeji akacheka mpaka simu ikatikisika. Akatusimulia habari za Pete Rose, aliyeupiga mpira akafika salama mara 4,256, wingi ambao hakuna mwingine aliyeufikia katika ligi kuu yao. Mwaka 1989 alifungiwa maisha kwa kucheza kamari kwenye mchezo huohuo, na alifariki mwaka 2024 akiwa bado yuko nje ya mlango. Akatusimulia Barry Bonds, aliyeupiga mpira ukatoka nje ya uwanja mara 762, zaidi ya mtu yeyote. Kwa sababu ya tuhuma za dawa za kuongeza misuli, waandishi walimzungusha miaka 10, na mwaka 2022, nafasi yake ya mwisho, akakwama kwenye asilimia 66. Baba Watoto alikunja mikono kifuani akisikiliza. Nadhani alipata faraja kujua kwamba kuna nyumba nyingine duniani zenye Kiprop wao.

Tukazichukua sheria za Cooperstown. Wapiga kura tulikuwa wanane: Kugo, Kogo mkewe, Baba Watoto, mimi, shangazi, kifungua mimba, kijana na kitindamimba. Robo tatu ya wanane ni sita. Fundi wa rangi, aliyekuwa anasubiri hela yake, aliomba kura ya tisa akitaka kumpigia Joginder Singh, mshindi wa Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Tukamwambia ukuta ni wa waliotumia miguu. Akajibu kwamba kukanyaga mafuta si kazi ya mikono. Alikuwa na hoja, lakini hakuwa na kura.

Kasoro ilikuwa sheria ya kustaafu miaka mitano. Kwa sheria hiyo Eliud Kipchoge, mwenye dhahabu mbili za marathoni na ile saa 1:59:40 ya Vienna mwaka 2019, alikuwa bado mtoto mdogo. Na Faith Kipyegon, aliyekulia Keringet, ndani ya kaunti yetu hii ya Nakuru, alikuwa bado anakimbia. Kitindamimba akasimama juu ya kiti. Faith ana dhahabu ya mita 1,500 ya Rio, ya Tokyo na ya Paris, tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna mwanamke wala mwanamume aliyewahi kulifanya kwenye mbio hizo. Na mbili za mwisho amezileta akiwa mama. "Mkingoja astaafu," akasema, "mtaweka picha ya nani? Ya mchwa?" Sheria ikaanguka. Nami nikakubali kipimo changu cha dhahabu kianguke nayo, na Baba Watoto akaachia usafi uamuliwe na dhamiri ya kila mpiga kura. Tulibaki na robo tatu tu, na hiyo ilitosha kutumaliza.

Kijana alijiteua afisa msimamizi. Kwa kuwa kura ilitakiwa kuwa ya siri, akaleta bakuli mbili, moja ya mahindi na moja ya maharagwe, na chombo kimoja chenye mdomo mwembamba alichokifunga kitenge kizima kizima. Jina likitajwa, kila mtu anachukua punje gizani na kuidondosha. Hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Mahindi yalikuwa mbegu iliyobaki baada ya kupanda, ile iliyopakwa dawa yenye rangi ya waridi. Giza hatukulitafuta: mvua ilianza saa moja jioni na stima zikapotea, kama ilivyo ada yake. Kijana akakaa nyuma ya kochi na tochi ya simu, anahesabu peke yake na kutangaza, kisha anaandika kwenye karatasi aliyoiita Fomu 34A.

Jina la kwanza lilikuwa Kipchoge Keino. Ikatangazwa: saba kwa moja.

Sebule ikaganda. Kugo akasema polepole, "Nani?"

Shemeji, aliyekuwa bado hewani, akafurahi kupita kiasi. Alisema mwaka 2025 Ichiro Suzuki wa Japani alipigiwa kura 393 kati ya 394, na hadi leo yule mmoja hajajitokeza, nchi nzima inamtafuta. Kisha bando lake, au letu, likaisha, na uso wake ukabaki umeganda na mdomo wazi.

Tukaendelea kwa tahadhari. Faith Kipyegon alipata wanane wote, na kitindamimba akazunguka sebule akipiga vigelegele kwa niaba ya Keringet. Eliud Kipchoge saba. Wanjiru saba, nami nikajifanya sikutarajia. David Rudisha, kwa zile mita 800 za London 2012 alizozikimbia mbele ya wote tangu mwanzo kwa 1:40.91, sita. Jelimo sita, na hapo shangazi aliwashikia wanaume tochi usoni mmoja mmoja. Ngugi alianguka, Kiprop alianguka kwa kishindo, Tegla na Ndereba walikula kura za mmoja na mwenzake wakaanguka wote wawili. Fremu moja ikabaki.

Tergat akapata tano. Henry Rono akapata tano.

Rono alikuwa mtu wa Kugo, na wa Kugo peke yake, kwa jinsi nilivyodhani. Mwaka 1978, kati ya tarehe 8 Aprili na 27 Juni, kijana huyo wa Nandi aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Rekodi nne ndani ya siku 81. Kwenye Olimpiki hakukimbia hata hatua moja. Mwaka 1976 Kenya iligomea Montreal kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kuzuru Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 ikagomea Moscow kwa sababu ya Wasovieti kuingia Afghanistan. Kugo alikuwa na kurasa nne za Rono, moja kwa kila rekodi, na ya tano, ya Februari 2024, ya tanzia.

Tano hazitoshi, akasema afisa msimamizi. Baba Watoto akaruka. Alidai hesabu ya Tergat imechezewa, kwamba hawezi kuamini watu watatu ndani ya nyumba yake mwenyewe, wanaokula ugali wake, wamemtilia Tergat haragwe. Akatamka yale maneno ambayo kila Mkenya anayajua tangu uchaguzi wa 2017:

"Fungua seva!"

Kijana akasita. Kusita kwake kulithibitisha wizi. Baba Watoto akapitisha mkono juu ya kochi, akakamata kile chombo, na wakati huohuo stima zikarudi. Kitenge kikamponyoka. Sote tukaiona seva.

Ilikuwa kibuyu kikubwa cha Kogo, chenye kifuniko cha ngozi na mkanda wa shanga. Alikiosha mchana ule, akachoma kijiti cha senetwet mpaka kikawa kaa jekundu, akakisaga ndani kwa brashi ya sosiot mpaka kuta za kibuyu zikawa nyeusi zinazong'aa, tayari kwa maziwa ya mursik ya siku ya Jumamosi. Baba Watoto alikipindua juu ya sinia. Zikatoka punje za mahindi na maharagwe, zote zimekuwa nyeusi kwa mkaa, na kwenye weusi huo dawa ya mbegu ilikuwa imeyeyuka ikafanya utelezi wa waridi. Ndiyo maana afisa msimamizi alikuwa anahesabu peke yake.

Kogo hakusema neno. Alivitazama vidole vyake, kisha vyetu. Wote wanane tulikuwa na rangi ya waridi kwenye ncha za kidole gumba na shahada, kama watu waliotoka kituoni. Akasema, "Sabuni kwanza." Tukapanga foleni kwenye karai, mzee na mtoto.

Kibuyu kilichoingiwa na dawa ya mbegu hakioshwi kikapona, kimeshainywa. Kogo alikipasua kwa panga usiku uleule na kumwamuru kijana akichimbie mbali na zizi. Mursik huchukua siku kadhaa kuiva. Ilikuwa Jumatano, wageni Jumamosi, na mgeni wa koito hapewi soda badala ya mursik. Wanariadha wakirudi na medali hupokewa uwanja wa ndege kwa mursik na shada la sinendet shingoni, na sisi, kwa kuwachagua haohao, tulikuwa tumekiua kibuyu cha mursik yenyewe.

Baba Watoto aliondoka alfajiri kwa bodaboda kwenda kwa jamaa zake Mogotio, kuomba mursik iliyokwisha kuiva. Kabla hajapanda, Kogo alimshika mkono wa koti.

"Ile fremu ya saba," akasema, "ni yangu. Ni malipo ya kibuyu."

Hakuna aliyebisha.

"Ni ya Rono. Na aliyemnyima Keino kura ni mimi, msiendelee kuchunguzana. Keino ana uwanja mzima kule Eldoret umeandikwa jina lake. Mwaka 2012 wazungu wa riadha walipofungua orodha yao ya magwiji, yeye alikuwemo. Ukuta wangu utamwongezea nini? Tergat amewahi kuwa mkubwa wa Olimpiki ya Kenya nzima. Huyu Rono walimwambia baki nyumbani, mara mbili, kwa ugomvi ambao si wake. Kama na sisi tunamuuliza medali iko wapi, basi tumemzuia mara ya tatu."

Kugo aligeuka upande, akajifanya anatafuta miwani. Miaka yote ile, akikata magazeti usiku, alidhani mkewe amelala.

Sasa picha. Kijana alipata mtandaoni mchapishaji wa Nairobi mwenye bei nafuu, akalipa, akaandika anwani kwa herufi kubwa: RONGAI. Mzigo ukaenda Ongata Rongai. Ijumaa yote tuliongea na dereva aliyesema amefika na haoni reli. Picha zilitufikia Jumamosi asubuhi kwa matatu kupitia Nakuru, wageni wakiwa tayari wamevuka Kampi ya Moto. Kifungua mimba, ambaye siku hiyo hakutakiwa kugusa kazi, alionekana juu ya kiti na nyundo, misumari mdomoni, kilemba kimekaa upande. Fremu ya mwisho ilipata ukuta wakati mbwa anabweka langoni.

Wazee wa Baringo waliingia, wakasalimia, wakaketi. Mursik ya Mogotio ikazunguka na ikasifiwa, na Kogo akapokea sifa zake bila kupepesa. Maombi yakafanywa. Msemaji wao, mzee mrefu mwenye fimbo, alisimama kuanza habari ya ng'ombe. Akautazama ukuta. Akahesabu kwa fimbo, kutoka kushoto hadi kulia, kisha kutoka kulia hadi kushoto.

"Kabla ya ng'ombe," akasema, "simwoni kijana wetu."

Baba Watoto alifumba macho kwa raha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake. Mzee akatueleza Tergat kana kwamba tumetoka nchi nyingine: mtoto wa Riwo aliyekula chakula cha msaada shuleni wakati wa njaa, na alipokuwa mkubwa shirika lilelile la Mpango wa Chakula Duniani likamfanya balozi wake. Akauliza ni nani kati ya hawa saba amefanya hayo. Kugo akajibu kwa kurasa nne za Rono. Wao wakajibu kwa mbio tano za nyika. Shangazi akatoka jikoni na Tegla wake, kama mwanasheria asiyelipwa. Kitindamimba akachungulia dirishani kuhakikisha hakuna anayemgusa Faith. Chakula kikapoa, kikapashwa, kikapoa tena. Bwana harusi mtarajiwa alikaa kwenye ukingo wa kiti, anatokwa jasho, na nikaona anatambua kwamba ndoa yake inategemea sekunde 0.09 za Sydney.

Ikatolewa rai tumwondoe mmoja. Macho yote yakaenda kwa Rudisha, kwa sababu tu mle ndani hapakuwa na Mmaasai wa kumtetea. Kogo akasema kutoka kwenye kona yake, "Asiye na mtu hapa ndiye msimguse." Ikawa imeisha. Wazee walitoka nje kushauriana chini ya mti, wakarudi, na mahari ikapatanwa kwa nusu ya muda tuliotumia kwa Tergat.

Karani wa kikao, kijana wao mmoja mwenye mwandiko mzuri, aliandika yote kwenye daftari na kuyasoma mbele ya watu: ng'ombe sita, mbuzi wanne, blanketi moja ya Kogo, kibuyu kipya kimoja, na Paul Tergat mmoja, kwenye fremu yenye kioo. Pande zote zikatia sahihi.

Ng'ombe wawili bado tunawadai. Tergat alilipwa Jumatatu.